Safari ya Watoto Hifadhini: Jinsi ya Kulinganisha Kampuni za Utalii

Katika safari ya kikundi yenye mwongozaji, kampuni ya utalii huandaa gari, dereva, malazi, chakula na vibali vya kuingia hifadhini, na msafiri hulipia vyote hivyo kwa bei moja. Familia yenye watoto hunufaika sana na utaratibu huu, kwa kuwa wazazi hupumzika kuendesha gari, kutafuta hoteli na kupanga foleni getini. Ugumu uko kwenye kuchagua. Arusha pekee, ambayo ndiyo njia ya kuelekea Tarangire, Ziwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti, ina kampuni nyingi mno, na matangazo yake yanafanana: siku tatu au nne, hifadhi zile zile, picha zile zile za simba.

Kwa mzazi, ulinganisho wenye manufaa huanza na siku ya mtoto. Mtoto ataamka saa ngapi? Atakaa garini kwa muda gani kabla ya kushuka? Atakula nini, atalala wapi, na nani atakuwa naye akichoka au akiugua? Bei huja baada ya majibu hayo, kwa sababu bei mbili zinazolingana zinaweza kuwa zinanunua siku mbili zisizofanana hata kidogo.

Aina za safari za kikundi

Safari zinazouzwa Afrika Mashariki zinaweza kugawanywa katika aina tatu. Ya kwanza ni safari ya kujiunga. Kampuni hutangaza tarehe ya kuondoka, kila msafiri hununua kiti, na watu wasiofahamiana hupanda gari moja. Bei yake ni nafuu, lakini gari hufuata matakwa ya walio wengi. Wasafiri waliokuja kumtafuta chui watapenda kubaki chini ya mti saa nzima, ilhali mtoto wa miaka minne huchoka baada ya dakika kumi. Ndiyo maana kampuni nyingi huweka umri wa chini kwa safari za kujiunga, na mzazi asipouliza mapema anaweza kuambiwa akiwa ameshalipa.

Ya pili ni safari binafsi, ambamo familia moja, au ndugu wa familia mbili tatu, huwa na gari lao na mwongozaji wao. Ratiba hubadilika kulingana na hali ya watoto. Watoto wakiwa wamechoka, gari hurudi kambini. Wakivutiwa na viboko, gari husubiri. Kundi la binamu wanaolingana umri ndani ya gari moja ni raha kubwa, na mara nyingi ndiyo namna bora kuliko zote ya kusafiri kikundi na watoto.

Ya tatu ni tripu ya basi. Waandaaji wa Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Arusha hukodi Coaster au basi na kuchukua watu kwenda Mikumi, Saadani au Bagamoyo kwa siku moja au wikendi. Hizi ndizo rahisi kuliko zote, na watoto wa shule hufurahia kuwa wengi. Jambo la kuuliza ni kama tripu hiyo imeandaliwa kwa ajili ya familia au kwa ajili ya vijana. Tripu ya vijana huwa na muziki wa sauti ya juu, pombe na kurudi usiku wa manane, na mtoto hana nafasi ndani yake.

Familia za Waswahili wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukutana pia na kampuni kubwa za kimataifa, kama Intrepid ya Australia na G Adventures ya Kanada, ambazo zina safari zilizotengwa kwa ajili ya familia. Faida yake ni kwamba watoto hukutana na wenzao wa umri wao, na masharti huandikwa kwa uwazi. Hata hivyo, kampuni inayouza safari nchi za nje na ile inayoendesha magari Arusha au Nairobi zinaweza kuwa mbili tofauti. Swali la kuuliza ni nani hasa atakayempokea mtoto uwanjani, na gari ni la nani.

Uhalali wa kampuni

Hatua ya kwanza ni kuondoa kwenye orodha kampuni zisizo na leseni. Tanzania Bara, biashara ya utalii husimamiwa kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na mwendeshaji wa safari hutakiwa kuwa na leseni ya biashara ya utalii, maarufu kwa jina la TALA, inayotolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kampuni yenye leseni hai haioni tabu kutuma nakala yake. Jina lililo kwenye leseni lilingane na lililo kwenye ankara na kwenye akaunti ya benki. Zanzibar ina mamlaka yake, Kamisheni ya Utalii, hivyo leseni ya Bara pekee haimtoshi anayeendesha ziara visiwani. Kenya, usajili na leseni hushughulikiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii.

Uanachama katika vyama vya waendeshaji ni alama ya ziada. Tanzania Bara kuna TATO, kilichoanzishwa mwaka 1983 na chenye makao yake Arusha. Zanzibar kuna ZATO, Kenya kuna KATO na Uganda kuna AUTO. Uanachama hauthibitishi kwamba huduma ni nzuri, lakini humpa msafiri mahali pa kupeleka malalamiko mambo yakiharibika.

Bei na kilichomo ndani yake

Bei ya safari ina mafungu makubwa matatu: gari pamoja na mafuta na dereva, malazi na chakula, na ada za hifadhi. Mzazi anayejua fungu lipi ndilo zito kwa familia yake hujadiliana vizuri zaidi.

Ada za hifadhi hutegemea uraia na umri. Katika hifadhi za taifa zinazosimamiwa na shirika la TANAPA, na katika Ngorongoro, mtoto wa chini ya miaka 5 haingizwi kwenye malipo, wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha mtoto, na kuanzia miaka 16 hulipa kama mtu mzima. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kidogo sana kikilinganishwa na dola makumi anazolipa mgeni kwa kila siku katika hifadhi kama Serengeti. Viwango hubadilika, hivyo ni vema kuvithibitisha kwenye orodha rasmi ya mwaka husika. Ili kupata kiwango cha raia, mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti, na kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa, ambacho kinaonyesha umri wake pia. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni na mwenye pasipoti ya huko huhesabiwa kuwa mgeni hata kama wazazi wake walizaliwa Moshi au Tanga, na kampuni makini huuliza jambo hili kabla ya kutoa bei.

Kutokana na tofauti hiyo, uzito wa bei hauko mahali pamoja kwa kila familia. Kwa familia ya raia, ada za getini ni sehemu ndogo. Gharama kubwa ni gari na malazi. Kwa familia ya wageni, ada na malazi huchukua sehemu kubwa. Mfano wa hesabu unaonyesha jinsi jambo hili linavyoamua kati ya safari ya kujiunga na safari binafsi. Tuseme gari lenye viti sita, mafuta na dereva vinagharimu shilingi 600,000 kwa siku, yaani shilingi 100,000 kwa kila kiti. Familia ya watu watano ikijiunga na kikundi italipa shilingi 500,000 kwa siku kwa upande wa gari. Ikichukua gari zima italipa 600,000. Kwa nyongeza ya shilingi 100,000 tu, familia nzima inapata uhuru wa kusimama, kurudi na kupumzika inapotaka. Familia ya watu watatu iko katika hali nyingine: ingelipa 300,000 kwa kujiunga na 600,000 peke yake, na hapo kutafuta familia nyingine yenye watoto wa umri huo huo ili kugawana gari kuna maana zaidi.

Punguzo la mtoto nalo lisomwe kwa makini. Kampuni moja hupunguza asilimia fulani ya bei yote. Nyingine hupunguza malazi tu na kutoza kiti kamili, kwa kuwa mtoto hukalia kiti sawa na mtu mzima. Hoteli na loji zina mipaka yake ya umri, na nyingi humhesabu mtoto kuwa mtu mzima kuanzia miaka 12. Kijana wa miaka 13 anaweza kuwa mtoto getini na mtu mzima hotelini katika siku hiyo hiyo. Ankara inayotaja "mtoto" bila kutaja umri inaficha jambo, na mzazi aombe umri uandikwe kwa kila fungu.

Mwisho, mzazi aulize kilichoachwa nje. Mara nyingi huachwa maji ya kunywa, vinywaji hotelini, bakshishi ya mwongozaji na mpishi, usafiri kutoka uwanja wa ndege na bima. Kwenye kreta ya Ngorongoro kuna ada ya gari kushuka, inayotozwa kila linaposhuka, na ratiba ya bei ya chini wakati mwingine huishia ukingoni bila kushuka.

Saa za barabarani

Hapa ndipo safari nyingi za familia huharibikia. Ratiba huandika "Arusha hadi Serengeti" kama mstari mmoja, ilhali kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilomita 335, na sehemu kubwa ya mwisho ni barabara ya vumbi yenye mawimbi. Siku hiyo ikitazamwa kwa macho ya mtoto inaonekana hivi. Gari huondoka Arusha alfajiri, hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa na kufika Karatu, mji mkubwa wa mwisho kwa kununua maji, biskuti na dawa. Kwenye lango la Loduare dereva hushuka na karatasi zake, na watoto huambiwa wafunge vioo, kwa maana nyani wa hapo wamezoea kupora chakula kwenye magari. Baadaye lami huisha. Kuna msitu na ukungu ukingoni mwa kreta, kisha mteremko, tambarare na vumbi hadi lango la Naabi, ambako karatasi hukaguliwa tena. Familia hufika Seronera mchana umekwenda, baada ya saa saba au nane za safari pamoja na vituo, na wanyama walioonekana njiani ndio sehemu nzuri ya siku hiyo.

Kampuni inayojali watoto hukata siku hiyo vipande. Huweka usiku wa kwanza Karatu au Manyara, au husimama kwenye makumbusho ya Oldupai, karibu na korongo ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na watoto hushuka, hunyoosha miguu na kujifunza jambo. Kampuni isiyojali hutangaza Tarangire, Serengeti na Ngorongoro ndani ya siku tatu, na mtoto huona zaidi kisogo cha kiti cha mbele. Kwa watoto wa chini ya miaka 7, Tarangire, iliyo takriban kilomita 120 kutoka Arusha, na Ziwa Manyara, zinatosha kabisa kwa safari ya kwanza. Tembo wa Tarangire huwa wengi wakati wa kiangazi, na watoto huwaona kwa karibu bila kusafiri siku nzima.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mikumi iko kilomita 283 kwa barabara. Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, baadhi ya safari huanzia kwenye treni na gari huwapokea wasafiri Morogoro. Kwa mtoto, treni yenyewe ni sehemu ya utalii, na saa za kukwama kwenye foleni za Kibaha na Chalinze hupungua. Kwa wakazi wa Nairobi, Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 pembezoni mwa jiji, inatosha kwa nusu siku, na ni mahali pazuri pa kujaribu kama mtoto mdogo anaweza kuvumilia gari kabla ya kulipia siku nne za Maasai Mara.

Gari na viti

Magari ya safari za kaskazini huwa ni Land Cruiser zilizorefushwa, zenye paa linaloinuliwa. Kwenye gari zuri kila abiria ana dirisha lake. Kenya hutumia pia mabasi madogo yenye paa la aina hiyo, ambayo ni nafuu na yanafaa kwenye barabara nzuri, ingawa kwenye tope la masika Land Cruiser hupita pale basi dogo linapokwama. Coaster ya tripu ina watu wengi. Walio katikati huona migongo ya wenzao.

Swali linalotenganisha kampuni ni la mikanda. Kila kiti kina mkanda unaofanya kazi? Mtoto mdogo ataletewa kiti chake cha kufungwa, au familia ibebe chake, na je, mikanda ya gari inaweza kukishika? Viti vya watoto ni adimu kwa kampuni nyingi, na jibu la "tutaona" lina maana kwamba havipo. Mzazi aombe picha za gari lenyewe litakalotumika, ndani na nje, badala ya picha za tangazo.

Utaratibu wa kusimama pia una umuhimu. Watoto hupenda kusimama juu ya viti na kutoa vichwa kwenye paa lililo wazi. Mwongozaji mzuri husimamisha gari kwanza, kisha huruhusu wasimame. Gari likianza kutembea, kila mtu hukaa. Mwendo wa juu kabisa hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, na kampuni inayobana ratiba ya siku nne ndani ya siku tatu humlazimisha dereva kuuvuka.

Mwongozaji

Mtu atakayeamua kama watoto watafurahi au watachoka ni mwongoza watalii, naye mara nyingi ndiye dereva. Wengi wamesomea kazi hii, baadhi katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilichopo Mweka tangu mwaka 1963, wengine katika Chuo cha Taifa cha Utalii. Kenya, chama cha waongozaji wa safari hutoa vyeti vya shaba, fedha na dhahabu, na kampuni inayompeleka mwenye cheti cha juu huitaja kwa fahari.

Cheti pekee hakitoshi kwa watoto. Mzazi aombe kuzungumza kwa simu na mwongozaji mwenyewe kabla ya kulipa, amwulize mambo ya kawaida kabisa. Mtoto wa miaka mitano akitaka kuchimba dawa katikati ya hifadhi, inakuwaje? Mwongozaji mzoefu atajibu bila kusita: hutafuta mahali pa wazi pasipo na majani marefu, huangalia pande zote kwanza, husimamisha gari, na mtoto hubaki nyuma ya gudumu pamoja na mzazi huku yeye akilinda. Kisha mzazi aulize watoto wanafanya nini pale ambapo simba amelala tu na hakuna kinachotokea. Anayewapenda watoto ana majibu: hesabu ya pundamilia, mchezo wa kutambua ndege, nyayo za fisi kwenye vumbi, hadithi ya jinsi nyumbu wanavyozaa kwa wakati mmoja. Asiyewapenda atasema watoto huwa wanalala.

Malazi na chakula

Majina ya loji na kambi yaandikwe kwenye ratiba. Maneno "au inayofanana nayo" huiachia kampuni nafasi ya kuhamisha familia dakika ya mwisho. Mzazi aulize kama kuna chumba cha familia au vyumba vinavyofunguana kwa ndani, kwa kuwa mtoto wa miaka 8 hawezi kulala peke yake kwenye hema lililo mbali na la wazazi.

Kambi nyingi ndani ya hifadhi hazina uzio. Kambi za umma za Seronera hupitiwa na fisi usiku, na simba pia hupita wakati mwingine. Ni salama kwa wanaofuata masharti: kutotoka kwenye hema usiku bila mlinzi, na kutoweka chakula ndani. Mtoto anayeamka kwenda chooni usiku analeta swali linalohitaji jibu kabla ya kuondoka nyumbani, na kwa umri wa chini ya miaka 6 hema lenye choo ndani, au loji, ni chaguo la busara. Ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari; baridi ya Juni na Julai huko huwashangaza wanaotoka Pwani. Kampuni itoe blanketi za kutosha, na familia ibebe masweta.

Chakula cha mchana hifadhini huja kwenye boksi: paja la kuku, yai la kuchemsha, mkate, keki, ndizi na juisi. Watu wazima huridhika, lakini mtoto anayekula vitu vitatu tu duniani atakaa na njaa. Safari zenye mpishi hutoa nafasi ya kupika wali, uji wa asubuhi au ndizi kwa watoto, na mpishi akiambiwa mapema hufanya kwa moyo. Masuala ya halali, mzio wa karanga na maziwa ya mtoto mchanga yaandikwe, yasiachwe kwenye maneno ya simu.

Afya na usalama

Kampuni ieleze mambo manne: kisanduku cha huduma ya kwanza kilichomo garini, namna ya kuwasiliana pasipo na mtandao wa simu, hospitali iliyo karibu na kila kituo, na utaratibu wa kumwondoa mgonjwa. Magari mengi yana redio, na baadhi ya kampuni huwakatia wageni wao huduma ya ndege za AMREF Flying Doctors, ambayo huchukua wagonjwa mahututi hadi viwanja vidogo vya hifadhini. Mzazi aulize kama jambo hilo limo kwenye bei au la.

Malaria bado ni hatari kubwa zaidi kuliko simba. Watoto waliozaliwa Ulaya, Amerika au miji ya baridi hawana kinga waliyoijenga wazazi wao utotoni, na daktari ashauriwe kuhusu dawa za kinga wiki kadhaa kabla ya safari. Mbung'o husumbua katika sehemu za Tarangire, Mikumi na magharibi mwa Serengeti. Huvutwa na nguo za buluu iliyokoza na nyeusi, hivyo watoto wavae rangi za kaki. Familia zivukazo mipaka ziulize kuhusu chanjo ya homa ya manjano. Wanaoingia Zanzibar kutoka nje ya nchi kwa pasipoti ya kigeni hutakiwa, tangu Oktoba 2024, kuwa na bima ya lazima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar.

Safari ikimalizikia baharini, swali kuu ni la maji. Kwenye fukwe za mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, bahari hupwa na kurudi mbali sana, na watoto hukosa maji ya kuogelea kwa saa kadhaa. Nungwi na Kendwa, kaskazini, huogeleka karibu muda wote. Kwenye ziara za mashua, jaketi za kuokolea ziwe za saizi ya mtoto, na zivaliwe kabla ya mashua kung'oa nanga. Maafa ya kuzama kwa meli za MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 yaliua watu wengi, watoto wakiwemo. Mzazi ana haki ya kukataa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama ameshalipa.

Umri na shughuli

Baadhi ya shughuli zina mipaka ya umri isiyojadiliwa. Kuwatembelea sokwe wa milimani nchini Uganda na Rwanda kunahitaji umri wa miaka 15. Safari za kutembea kwa miguu porini na maputo ya Serengeti nayo hayapokei watoto wadogo. Familia yenye kijana wa miaka 16 na mtoto wa miaka 5 hupata shida hapa, na kampuni nzuri hupanga shughuli mbili kwa wakati mmoja: mzazi mmoja huenda na mkubwa, mwingine hubaki na mdogo kwenye bwawa la kuogelea, ambalo kwa kawaida halina mwokoaji na huhitaji jicho la mzazi. Kampuni inayoahidi kwamba "umri si tatizo" inaahidi jambo lisilo mikononi mwake.

Msimu nao huingia kwenye hesabu. Likizo ndefu za shule nchini Tanzania huangukia Juni na Desemba. Juni ni mwanzo wa kiangazi na barabara ni kavu. Desemba kuna mvua za vuli, mandhari ni ya kijani, na bei hupanda karibu na Krismasi. Pasaka mara nyingi huwa ndani ya masika: loji hupunguza bei, lakini tope huongeza saa za barabarani. Nyumbu huzaa katika tambarare za Ndutu kati ya Januari na Machi, na kuvuka kwa Mto Mara hutokea zaidi kati ya Julai na Oktoba. Kampuni inayomwahidi mtoto mto na mamba katika Desemba haisemi kweli.

Makubaliano na malipo

Malipo yafanywe kwa akaunti ya benki au namba ya malipo yenye jina la kampuni, kamwe si kwa namba binafsi ya mfanyakazi, na risiti ya mashine ya kodi (EFD) idaiwe. Malipo ya awali ni ya kawaida, lakini kudai pesa yote miezi kadhaa kabla ni jambo la kutilia shaka. Makubaliano yaeleze kwa maandishi kiasi kinachorudishwa endapo mtoto ataugua kabla ya safari, kinachofanyika kikundi kisipojaa, muda wa kuleta gari jingine likiharibika, na jina la mtu wa kupigiwa simu usiku. Kwa safari ya kujiunga, swali la kikundi kutojaa ndilo la kwanza: kampuni nyingine huahirisha, nyingine huhamishia wasafiri kwa kampuni ambayo familia haikuichagua.

Kufanya uamuzi

Njia nyepesi ya kulinganisha ni kuchagua kampuni tatu zenye leseni na kuzipelekea ujumbe mmoja unaofanana: tarehe, idadi ya watu, uraia na umri wa kila mtoto, vyakula, magonjwa, na muda wa juu ambao familia inakubali kukaa garini kwa siku. Majibu yawekwe bega kwa bega kwenye karatasi moja, kila siku kwenye mstari wake: saa za barabarani, jina la malazi, milo, shughuli ya watoto na kisichomo kwenye bei. Kampuni itakayojibu kwa kunakili ratiba ya tangazo imejionyesha. Ile itakayoshauri kupunguza hifadhi moja kwa ajili ya mtoto wa miaka minne, ingawa kwa kufanya hivyo inapunguza mapato yake, inastahili kufikiriwa kwanza. Maoni ya wateja wa zamani yasomwe kwa kutafuta yale yanayotaja watoto na mwezi wa safari, kwa kuwa sifa za wanandoa waliokwenda fungate hazisemi chochote kuhusu safari ya familia.

Bei ndogo ichaguliwe pale tu ambapo karatasi hiyo inaonyesha siku zinazolingana. Zikitofautiana, mzazi ajiulize nyongeza ya bei inanunua nini: usiku mmoja wa ziada njiani, gari lenye mikanda, au mwongozaji aliyezoea watoto, ni mambo yenye thamani kuliko bwawa kubwa au jina la hoteli. Uamuzi ukishafanywa, kampuni itumiwe orodha ya mwisho yenye majina, umri na mahitaji ya kila mtoto, na siku mbili kabla ya kuondoka mwongozaji apigiwe simu ili kuthibitisha kwamba orodha hiyo imemfikia yeye mwenyewe.